Naomi Alirudi Mikono Mitupu

Tafakari ya wiki. Masomo: Ruthu 1:1–22 na Yeremia 29:1–14



Januari imekuja na swali lake. Washarika wanaopita ofisini kunisalimu baada ya sikukuu huanza na habari za nyumbani: mvua ilivyonyesha, mbolea ilivyopanda bei, nani ameugua, nani ametangulia. Kisha wananyamaza kidogo, na mmoja anauliza, “Mchungaji, hivi nibaki au nirudi?” Anayeuliza anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyepanga chumba kwa mara ya kwanza maishani. Anaweza pia kuwa baba wa miaka hamsini ambaye watoto wake wamezaliwa Mbagala na hawajui hata kumwamkia bibi yao kwa lugha ya kwao. Na wiki hiyohiyo wanayouliza hawa, mabasi ya Lindi na Mtwara yanashusha wengine pale Rangi Tatu, begi moja mkononi, namba ya simu ya shangazi imeandikwa kwenye kipande cha daftari.

Sipendi kulijibu swali hili haraka. Limewahi kujibiwa haraka na wenye mamlaka, tena zaidi ya mara moja, na majibu yao hayakudumu. Wakati wa Waingereza kulikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini wale walioitwa watu wasiotakiwa, na asiye na ajira alirudishwa kwao. Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasio na kazi wa mjini walipelekwa kuanza maisha katika kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, kusini mwa jiji, upande wa Kigamboni. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri: watu walikamatwa mitaani, na aliyeshindwa kuonyesha kwamba ana kazi alipandishwa gari akarudishwa kijijini. Wengi walipata nauli wakarudi Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu katika mkoa wetu watu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja, waliozaliwa hapa pamoja na waliokuja kwa hiari yao. Serikali haikuweza kumwamulia mtu mahali panapomfaa, na mchungaji naye hawezi. Ninachoweza ni kukaa nawe unapoamua, na kukuonyesha mahali ambapo nimeona uamuzi wa watu ukipinda.

Tuanze na hesabu. Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza apige gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Kijana mmoja wa usharika wetu, mwenyeji wa Makete, alikuja na swali hilihili. Alikuwa saidia fundi. Nilimwomba ahesabu kwa sauti, na mimi niandike.

Chumba kipo Chamazi, elfu arobaini kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali alishachukua yake ya mwezi mmoja. Umeme wanachangia LUKU moja, na kila mwezi kuna maneno kwa sababu mpangaji mmoja ana friji na mwingine ana taa tu. Maji ni ya kununua kwa dumu. Kibarua kikipatikana analipwa elfu kumi na mbili kwa siku. Wiki nzuri ina siku nne za kazi, wiki mbaya haina hata moja. Anaamka saa kumi alfajiri. Akikuta kituo kimefurika, anapanda daladala linaloteremka, anageuza nalo ili apate siti, na nauli analipa mara mbili. Jioni anarudi hivyohivyo. Alipomaliza tulijumlisha, na kwa mwezi wa kawaida alikuwa anabakiwa na kiasi kidogo, kile ambacho anakituma nyumbani.

Hesabu ya fedha aliipiga sawasawa. Saa alikuwa hajazihesabu. Tulipozihesabu tuliona kwamba barabara inamla karibu saa nne kila siku ya kazi, na kwamba siku hiyo haioni Chamazi kukiwa na mwanga. Halafu nikamuuliza swali la tatu: “Usiku wa leo ukishikwa na homa kali, nani atagonga mlango wako?” Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema wapangaji wenzake ni watu wazuri, hawana shida, ila anawajua kwa vyumba vyao: wa mbele, wa koridoni, yule mama wa chapati. Amekaa nao zaidi ya mwaka mmoja, uani wanatumia choo kimoja, na jina analolijua pale ni la mwenye nyumba.

Nawaombeni mtu yeyote anayejiuliza kama mji unamfaa aweke hesabu hizi tatu mezani pamoja: fedha, saa, na watu. Nimewaona wanaohesabu fedha peke yake, na fedha karibu siku zote inasema “vumilia kidogo”, kwa sababu mjini kila mara kuna mtu mmoja wa kwenu aliyefanikiwa na unaweza kujipimia kwake.

Mtu anaweza kudhani naelekea kusema rudini vijijini. Sisemi hivyo. Mama mmoja tunayesali naye, mfanyabiashara mdogo wa Tandika, alifiwa na mumewe akiwa kijijini kwa wakwe. Matanga hayajaanuliwa, mashemeji walikuwa wameshagawana shamba, na yeye akaambiwa achague: arithiwe au aondoke. Akaondoka na watoto watatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kumiliki ardhi, lakini sheria ile ilikuwa mbali na yeye alikuwa peke yake mbele ya kikao cha ukoo. Leo anauza mtumba, anacheza vikoba na wenzake, na watoto wanasoma. Anaamka mapema kuliko yule kijana wa Makete na anachoka kuliko yeye. Ukimuuliza kama Dar es Salaam inamfaa atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mchungaji akisimama madhabahuni akausifu utulivu wa kijiji bila kumkumbuka mama huyu, anampiga palepale alipoumia. Wapo pia wanaobaki kwa sababu ya kliniki ya Muhimbili ambayo mkoani kwao haipo, na wapo mabinti ambao mjini ndipo mahali pa kwanza walipoulizwa wanataka kuwa nini.

Na tusiwasahau wasiohamia popote. Mzee Mzaramo wa Charambe hakuja mjini. Mji ulimfuata alipokuwa, ukakuta minazi yake, mikorosho yake na makaburi ya wazazi wake, na leo amezungukwa na fensi za watu ambao hawajui kwamba mwembe wanaoegesha bajaji chini yake una mwenyewe. Tukijadili kama mahali hapa panatufaa, tujue tunajadili tukiwa tumekaa katika shamba la mtu. Wengi wao ni ndugu zetu Waislamu, na walitupokea. Salamu na heshima wanatudai.

Kuna jambo lililotokea jijini kwetu ambalo limenifundisha mengi kuhusu swali hili. Desemba 2011 mvua kubwa sana ilinyesha, bonde la Msimbazi likafurika, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Serikali iliwahamisha wakazi wa Jangwani na maeneo jirani ikawapa viwanja Mabwepande, mwisho kabisa wa Kinondoni, jirani na Mkoa wa Pwani. Walianza na mahema, kisha wakajenga. Hebu fikirini: kiwanja chako mwenyewe, kimepimwa, kiko juu, mafuriko hayafiki. Wapo waliokaa wakatulia, na Mabwepande ya leo ina nyumba, shule na biashara. Lakini wapo waliouza au kupangisha wakarudi bondeni, na watu wengi waliwalaumu kwa maneno makali.

Mimi siwezi kumshauri mtu alale bondeni pale maji yanapopita, kwa maana nimezika watu wa mafuriko. Ila nilielewa walichokuwa wanakitafuta. Kutoka Jangwani mbeba mizigo anafika Kariakoo kwa miguu. Mama anayeuza uji anawafikia wateja wake kabla jua halijachomoza, na wateja wenyewe wanamjua, siku akikosa mtaji wanamlipa kabla. Mtoto anaachwa kwa jirani bila kuandikiana mkataba. Walipopelekwa Mabwepande walipewa ardhi, na vitu hivi vyote vikabaki kilomita zaidi ya thelathini nyuma yao. Nauli ikala faida. Kiwanja kilikuwa kizuri na maisha yalikuwa bondeni.

Ndiyo maana namwambia anayetaka kurudi kijijini aangalie jambo hilohilo kule anakokwenda. Shamba la baba bado lipo, au kaka alishaliuza? Nani kule anakujua kwa jina na siyo kwa sifa ya kuwa wa Dar? Mke wako aliyezaliwa Keko, atakuwa na nani wa kuzungumza naye? Nimeona mtu amerudi kwao akakaa miezi michache akarudi tena Temeke, kwa sababu kijiji alichokuwa akikiota kilikuwa cha utotoni mwake na waliokikalia sasa ni watu wengine. Yule wa Makete alipofuatilia aligundua kwamba babu yake alimwachia eneo lililopandwa miti ya mbao, na kwamba wajomba walikuwa wanamsubiri aseme neno. Hilo lilibadilisha hesabu yake kuliko mahubiri yangu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolibeba moyoni wiki hii nzima.

Kati ya vitu vyote vinavyowafunga watu hapa mjini wakati moyo wao ulishaondoka, chenye nguvu kuliko vyote ni aibu. Nasikia simu zao tukiwa nje ya kanisa baada ya ibada, watu wamesimama kusubiri mnada wa mazao. “Shikamoo mama. Mimi mzima kabisa. Kazi inakwenda vizuri, kuna mradi tunausubiri. Nitakutumia kesho, na ya kutolea.” Anakata simu, ananigeukia, na macho yake hayawezi kunitazama. Ninajua kwamba tangu Novemba hana kazi. Ninajua pia kesho atazipata wapi hizo elfu ishirini na hiyo ya kutolea: kwa wale wa mikopo tunayoiita kausha damu, wanaokuja kudai kila wiki, na siku ukikosa wanabeba godoro na televisheni huku majirani wakitazama. Mwana amekopa kwa riba ya kumkausha ili mama yake aendelee kuamini kwamba mwanawe amefanikiwa. Na mama kule, kwa habari njema hizo, anamwambia jirani kwamba na mwanaye aende Dar kwa huyo kaka yake, atapokelewa.

Hapa ndipo ninapouliza swali langu, na ndilo ninalowaachia. Je, unaweza kumweleza mama yako, au yeyote aliye kwako kama mama, ukweli wa maisha yako ya hapa jinsi yalivyo? Unapolala, unachokula, unachodaiwa, na unayeishi naye? Ukiweza, basi hata kama maisha ni magumu una uhuru wa kuamua. Unaweza kubaki ukiwa mtu mzima na akili zako, unaweza kuondoka ukiwa hivyohivyo. Usipoweza, hapo aibu imeshakaa kwenye kiti cha kuamua na wewe umesimama pembeni. Kijana anayesema “sirudi mpaka nitoboe” hajaamua kubaki. Amekatazwa kurudi, na aliyemkataza hana hata sura.

Nasi kanisani tunalikuza jambo hili. Tazameni nani anayepewa kipaza sauti kutoa ushuhuda. Ni aliyenunua gari, aliyehamia nyumba yake Toangoma, aliyepata ajira serikalini. Tunamshukuru Mungu pamoja nao na ni haki. Lakini sijasikia bado mtu amesimama akasema: Bwana asifiwe, nilikuja mjini, nikajaribu kwa nguvu zangu zote, haikuwa, na wiki ijayo narudi nyumbani kwa wazazi nikiwa na amani. Siku ushuhuda huo utakapotolewa katika usharika wetu naomba tuupigie vigelegele kama ule wa gari.

Naomi aliutoa ushuhuda kama huo. Someni sura ile ya kwanza ya Ruthu polepole. Njaa iliingia Bethlehemu, Elimeleki akamchukua mkewe na wanawe wawili wakahamia Moabu. Biblia haiwalaumu kwa kuondoka. Walikwenda kutafuta chakula, kama wengi wenu mlivyopanda basi. Wakakaa kule yapata miaka kumi. Katika miaka hiyo Naomi alimzika mume, akamzika Mahloni, akamzika Kilioni. Aliposikia kwamba kwao kuna mkate tena, alifunga safari pamoja na mkwewe Ruthu. Mji mzima ukataharuki kwa ajili yao, na wanawake wakaulizana kama kweli huyu ni yule Naomi. Jaribuni kulisikia swali lile kwa masikio ya mtu anayeshuka stendi ya kwao na sanduku lilelile aliloondoka nalo. Ndilo swali tunalolikimbia sisi sote.

Na Naomi hakuvaa nguo ya kuazima. Hakusema mizigo mingine inakuja nyuma na lori. Aliwaambia waziwazi kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu, tena akakataa hata waendelee kumwita kwa jina lake zuri. Alikuwa na uchungu, na aliusema uchungu wake mchana kweupe mbele ya watu waliomjua tangu ujana. Ukweli ule ndio uliomfungulia mlango. Kwa kuwa walijua hana kitu, Ruthu aliweza kwenda kuokota masazo bila kujificha, na kwa kuwa ilijulikana yeye ni nani na ametoka wapi, Boazi, jamaa ya Elimeleki, aliweza kumsaidia. Mwandishi anatuambia kwamba walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri. Kama angengoja Moabu mpaka apate cha kuonyesha, mavuno yale yangepita.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Kazi yangu inanipeleka kwenye misiba, na kwenye misiba ya Dar es Salaam kuna jambo ambalo nimeliona mara nyingi mno. Baba amefariki Buza katika chumba kimoja. Miaka sita hakukanyaga kwao, kwa sababu kila Desemba alikosa nauli na zawadi za kupeleka, na aliona heri asiende kuliko aende mikono mitupu. Jioni ya msiba kamati inaundwa. Daftari la michango linafunguliwa, watu wa kwao, watu wa kazini, jumuiya, kwaya, kila mtu anaahidi. Ndani ya siku tatu zimepatikana milioni kadhaa: sanduku, gari la kusafirisha mwili, basi dogo la wasindikizaji, chakula cha njiani. Anarudi nyumbani kwa heshima zote, na mama yake anampokea. Sehemu ndogo tu ya fedha zile ingemfikisha pale akiwa hai, akala ugali wa mama yake, akamwambia habari zake zote. Fedha ilikuwepo mifukoni mwetu wakati wote. Yeye aliona aibu kuomba, na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo nimewaomba wazee wa kanisa, na wamekubali, kwamba sehemu ya mfuko wa diakonia kuanzia mwaka huu itumike kwa nauli za walio hai. Mtu aliyeamua kurudi kwao na hana uwezo atasaidiwa bila kutangazwa.

Watu wakubwa pia wamerudi. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaja kuishi Magomeni, hapahapa jijini, Kinondoni ya leo, na jiji hili likawa kazi yake kwa miaka thelathini. Alipoachia urais mwaka 1985 alirudi Butiama akashika jembe. Najua alirudi akiwa na jina na wewe unarudi na deni. Namtaja ili watoto wetu wasikue wakidhani barabara ya Dar es Salaam ni ya kuja tu.

Sasa neno kwa wanaobaki, na mtakuwa wengi. Yeremia aliwaandikia barua watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika siku zilezile nabii mwingine, Hanania, alitangaza kule Yerusalemu kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili tu. Watu waliipenda habari ile, maana inamruhusu mtu aishi na mizigo haijafunguliwa. Yeremia aliwaandikia mateka kinyume chake: itakuwa miaka sabini, basi jengeni, pandeni, oeni na kuozesha, uombeeni mji ule amani kwa sababu amani yao imo ndani ya amani ya mji huo. Hao walikuwa mateka, mji wenyewe hawakuuchagua, na bado waliambiwa wautakie amani.

Nawafahamu watu walioishi Mbagala miaka ishirini kwa moyo wa Hanania. “Mimi hapa ni mpita njia tu, Mchungaji.” Hamjui mjumbe wake wa shina. Hajawahi kuhudhuria mkutano wa serikali ya mtaa, mtaro ukiziba mbele ya nyumba anaruka anapita. Hajapanda hata mpapai. Kijijini nako hajajenga, ana kiwanja kilichoota magugu na mpango ambao kila mwaka ni wa mwaka kesho. Huyu hakuikubali Dar es Salaam na hakurudi, na watoto wake wamelelewa katika kusubiri. Ikiwa umeamua kubaki, baki kweli. Jifunze majina ya wapangaji wenzako wiki hii, kuanzia yule wa koridoni. Jirani akifiwa, awe Mkristo au Mwislamu, nenda ukakae kwenye turubai hata nusu saa. Jiandikishe kwenye jumuiya ya mtaa unaolala, siyo ile ya rafiki zako wa Kinondoni ambayo unafika mara moja kwa miezi mitatu. Na ombea mji huu kwa kuutaja: barabara ya Kilwa, maji ya Ruvu, machinga wa Kariakoo, madereva na makonda wanaotubeba gizani.

Kwa mnaofikiria kuwaita wadogo zenu waje, waambieni bei ya chumba, saa za kuamka na mahali watakapolala, mambo yote kama yalivyo. Mdogo wako akija akiwa anajua, atakuja kama mtu aliyeamua.

Na anayeondoka asiondoke kimyakimya kwa basi la alfajiri huku akituzimia simu. Yule kijana wa Makete aliaga Jumapili ya pili ya Advent. Tulimwombea mbele ya madhabahu, na wapangaji wenzake watatu walikuja kumsindikiza, akawataja kwa majina. Kila mwenye kuhama aje ofisini apewe barua ya utambulisho ya kupeleka usharika anakokwenda. Inaandikwa siku hiyohiyo na haina malipo. Waliofika mjini Januari hii nao walete barua zao tuwapangie jumuiya, na asiye na barua aje hivyohivyo. Ofisi inafunguliwa Jumanne hadi Ijumaa saa tatu asubuhi. Jumamosi tunaonana kwenye jumuiya, na wiki hii ninaomba kila jumuiya isome Ruthu sura ya kwanza yote, kisha mmuulize kila aliyekaa hapo ametoka wapi na mara ya mwisho alikwenda lini.